Nani Anakunywa Wino? Mwongozo kwa Mwenye Printa Kubwa ya Picha Pwani ya Kismayu

Kwanza tuwaachilie watuhumiwa. Jini hanywi wino. Mwanagenzi wako hanywi wino, hata kama vidole vyake vina rangi ya samawati tangu Ijumaa. Jirani mwenye studio mtaa wa pili hakukufanyia dawa. Printa yenye upana wa inchi 44 ikimaliza katriji ya mililita 700 kabla hujafunga hesabu ya mwezi, aliyeimaliza ni printa yenyewe. Na kila tone lina pa kwenda: ama liko kwenye karatasi, ama kwenye mipira ya ndani, ama kwenye tangi la wino taka. Kazi yetu ni kuyafuata matone katika njia hizo tatu, kwa daftari. Nawaandikia mafundi wa Kismayu na visiwa vya Bajuni, lakini wa Lamu, Mombasa na Unguja wasome pia, maana chumvi yao ni hii hii.

Naanza na sababu, kwa kuwa fundi asiyejua anaandikia nini huacha kuandika wiki ya pili. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wa Koyama, Chovai, Chula na Kismayu yenyewe walikimbilia Kenya kwa majahazi na mashua, wakafikia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine baadaye wakavuka hadi Uingereza. Mtu anayekimbia kwa mashua hubeba watoto, albamu huiacha. Baadhi ya picha za zamani za visiwa hivyo leo utazipata vitabuni tu. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu chake juu ya wavuvi wa Kibajuni, Pescatori dell'Oceano Indiano, mwaka 1955. Neville Chittick naye alitoa mwaka 1969 taarifa ya magofu, misikiti na makaburi ya mawe ya pwani ya kusini mwa Somalia. Maandishi ya namna hiyo hayako kwenye meza ya bibi yeyote wa Kismayu.

Ndiyo maana mteja unayepaswa kumwekea kiti cha kwanza ni yule mzee anayefungua leso na kutoa picha ya pasipoti iliyokunjika pembe. "Mwanangu, huyu ni mama yangu. Nataka nimwone kutoka pale ninapokaa." Ukimtajia bei ya kubahatisha iliyo kubwa, ataikunja leso yake na kuondoka. Ukimtajia ya kubahatisha iliyo ndogo, na wa baada yake vivyo hivyo, utafunga studio, na mzee wa mwaka ujao atakuta kufuli. Bei ya haki kwake na kwako ni moja, nayo imo katika mililita.

Vifaa: daftari la leja lenye mistari, kalamu isiyotembea dukani, na mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu. Kikokotoo unacho kwenye simu. Jambo moja ni marufuku kuanzia leo, nalo ni kusema "wino umekwisha tu." Wino haujui kuisha tu.

Siku ya kuifungua printa mpya, fungua na ukurasa wa kwanza. Zile katriji zilizokuja nayo hazitachapa picha nyingi kama ulivyotarajia, kwa kuwa sehemu yake kubwa inaingia kwenye mipira inayotoka kwenye katriji hadi kwenye kichwa cha kuchapia. Canon imagePROGRAF PRO-4000, kwa mfano, ina njia 12: rangi 11 na kioevu kimoja cha kung'arisha. Njia zote hizo lazima zijae kabla ya tone la kwanza kugusa karatasi. Wino huo haujapotea, ni mtaji uliolala ndani ya mashine. Uandike kama mtaji. Ukiugawia wateja wa mwezi wa kwanza, bei yako itawakimbiza kabla hawajakuzoea.

Kisha jifunze kusoma kumbukumbu ya mashine. Printa hizi huweka rekodi ya kila kazi: ukubwa wa picha, aina ya karatasi, wino uliotumika kwa kila rangi. Canon na Epson wote wana programu ya bure ya kuzitoa rekodi hizo kwenye kompyuta, ukaweka bei ya mililita na bei ya karatasi, ikakupa gharama ya kila picha. Mafundi wengi wana mashine yenye uwezo huo na hawajawahi kuigusa programu yenyewe. Iguse leo, kabla ya Adhuhuri.

Lakini ujue kumbukumbu hiyo inahesabu nini. Printa haina kijiko. Inahesabu matone iliyoyarusha, ikazidisha kwa ukubwa wa tone. Tone la PRO-4000 ni pikolita 4, yaani matone milioni 250 ndiyo mililita moja. Kiwango kinachoonyeshwa na chipu ya katriji nacho ni makadirio ya hesabu hiyo hiyo. Makadirio ni mazuri kwa picha moja. Kwa mwezi mzima hayatoshi, kwa sababu rekodi ya kazi inahesabu wino uliokwenda kwenye picha za wateja, na kuna wino mwingine ambao haukwenda kwa mteja yeyote.

Hapo ndipo studio nyingi zinapozama, na hapo nataka tukae.

Kichwa cha printa kina matundu madogo kupita jicho. Hicho cha PRO-4000 kina 18,432. Tundu likikauka, picha inatoka na mistari, na mashine inajisafisha kwa kunyonya wino kupitia matundu na kuumwaga kwenye tangi la wino taka. Wino huo umelipiwa bei ile ile na ule wa picha ya arusi. Sasa angalia pwani yetu inavyoulisha usafishaji huo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki nje ya kifuniko chake na kinakaukia hapo hapo. Fundi akizima jenereta usiku bila kwanza kuizima printa kwa kitufe chake, ni yale yale. Vumbi na chumvi vya kaskazi vinaingia kwa dirisha lililoachwa wazi. Na siku za kusi kali, vyombo vikikaa bandarini na watu wa visiwani wasivuke kuja mjini, printa inakaa kimya wiki nzima, na siku ya kuamka inadai kusafishwa kabla ya kusalimia.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mwezi uliopita katriji zako zote kwa pamoja zilipungua mililita 1,000. Rekodi ya kazi inaonyesha picha za wateja zilitumia 700. Zile 300 zilikwenda kwenye usafishaji. Tuseme pia mililita moja inakugharimu senti 50 za dola. Umetumia dola 500, lakini mililita zilizobeba picha ni 700, kwa hiyo kila mililita iliyofika kwa mteja imekugharimu senti 71. Picha ya mama wa yule mzee, ya sentimita 60 kwa 90, mashine inasema imetumia mililita 6.5. Ukizidisha kwa 50 unapata dola 3.25, nawe unafurahi. Ukizidisha kwa 71 na ushei unapata dola 4.64. Tofauti ya dola moja na senti 39 inaonekana ndogo mpaka uchape picha 50 za aina hiyo, hapo karibu dola 70 zimemwagwa kwenye tangi. Nahodha wa mashua ya kamba koche hagawi mapato kabla ya kutoa petroli na barafu, na hakuna baharia anayemwita mchoyo kwa hilo. Usafishaji ndio barafu yako. Utoe kwanza.

Basi fanya hivi kila mwisho wa mwezi: jumla iliyopungua kwenye katriji, gawa kwa jumla ya rekodi ya kazi. Katika mfano wetu jawabu ni 1.43. Andika namba hiyo kwa kalamu nzito ukutani karibu na printa. Mwezi namba hiyo ikipanda, usimgombeze mwanagenzi, tafuta kilichobadilika. Mara nyingi utakuta ni umeme. Betri ya akiba, hata ndogo, inayoipa printa muda wa kumaliza mstari na kukirudisha kichwa kwenye kifuniko, nionavyo mimi ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya printa yenyewe, kabla ya kiti cha mteja na kabla ya ubao wa jina la studio. Na kabla ya kubonyeza usafishaji mkubwa kwa hofu, chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu. Ukurasa huo unatumia wino kidogo mno, na mara nyingi utakuambia kwamba usafishaji mdogo unatosha, au kwamba hakuna cha kusafisha.

Mizani sasa. Pima tangi la wino taka likiwa jipya, andika gramu kwa kalamu ubavuni mwake, kisha lipime kila Alhamisi. Wino wa maji una uzito wa takriban gramu moja kwa mililita, kwa hiyo gramu 40 zilizoongezeka ni karibu mililita 40 zilizomwagwa. Usingoje mwisho wa mwezi: joto letu linakausha maji ya wino ndani ya tangi, na mizani itakudanganya kwa upande wa kukupendeza.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi. Picha za bahari, na watu wa visiwa wanazipenda, zinamaliza samawati hafifu mapema. Nyuso za wazee za nyeusi na nyeupe zinamaliza kijivu. Kwa hiyo usiagize katriji kwa kuzingatia ile iliyoisha leo pekee. Angalia rekodi ya miezi iliyopita, kwa sababu katriji moja ikikosekana printa nzima inasimama, na mzigo hauji kwa kupiga mluzi. Kwenye baadhi ya mashine, kama Epson SureColor P9000, wino mweusi wa karatasi ya kung'aa na ule wa karatasi isiyong'aa hupita njia moja, na kila ukibadilisha unamwaga kiasi. Kusanya kazi: za kung'aa zote asubuhi, zisizong'aa jioni. Mteja wa turubai anaweza kusubiri chai.

Ukishajua mililita, ongeza karatasi, umeme, kichwa kitakachohitaji kubadilishwa siku moja, na mkono wako. Muda uliotumia kufuta mikunjo ya picha ya pasipoti kwenye kompyuta una bei yake, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya wino. Mweleze mteja waziwazi. Akiwa na kijana wake London anayelipa kwa simu, mpe hesabu hiyo hiyo, usimwongezee kwa sababu yuko London.

Na siku mzee atakapokuwa hana, nawe moyo wako ukakwambia umchapie, mchapie. Ila picha hiyo iwe na safu yake kwenye daftari, kati ya "wateja" na "usafishaji": sadaka, mililita 6.5, tarehe. Bila safu hiyo, mwisho wa mwezi sadaka yako itaonekana kama ubovu wa mashine, mililita hazitalingana na malipo, nawe utamwita fundi aje kufungua printa isiyo na kasoro. Ikiwa na safu hiyo, utajua unaweza kutoa picha ngapi kila mwezi na studio ikabaki wazi. Kama ni tatu, mwandike wa nne kwenye orodha ya mwezi unaofuata na umwambie siku ya kurudi.