Hongera kwa Kupaka Oili
Kaka mwenye baiskeli ya mlimani, tumekuona pale Ngaramtoni ukizipaka shokapu za mbele oili chafu ya pikipiki mpaka zinang'aa kama vitumbua. Safi sana. Mlima Meru, huo ulio juu ya Ngaramtoni, ulitema majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Vumbi lake bado linatafuta pa kukaa, nawe umelipa gundi. Sasa vumbi na oili vimekuwa msasa: kila ukiingia shimo, msasa huo unapanda na kushuka na bomba la shokapu, unakwangua, mpaka sili inalia machozi. Baadhi ya watengenezaji husema fungua shokapu kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, safisha, tia mililita chache za oili mpya ndani. Ndani, kaka. Kwa nje kitambaa safi kinatosha. Hata hiyo skafu uliyojifunga shingoni kwa ajili ya picha.