Usihangaike, Shangazi

Ipo simu moja ambayo nimeshaizoea. Huanza na shikamoo ndefu, ikapita kwenye magoti yangu, ikauliza habari za mvua, kisha ikatua ilikokuwa ikienda: "Shangazi, wikiendi tunakuja. Lakini usihangaike! Pilau tumelichoka. Tupikie kitu chepesi tu cha nyumbani, muhogo wa nazi na kisamaki cha kuchoma, basi." Nami najibu karibuni wanangu, maana ndivyo nilivyolelewa. Nikishakata simu ndipo naanza kusema peke yangu hadi kuku wananitazama.

Laiti wangetaka pilau! Pilau ni chakula chenye huruma. Mchele unatoka dukani, viungo dukani, nyama kwa muuza nyama. Ukishavikaanga vitunguu vikawa vya kahawia, bizari na mdalasini vitakusitiri hadi mwisho. Nyama ngumu? Watu watatafuna huku wanasifia harufu. Mchele umebondeka kidogo? Shughuli ina watu wengi, hakuna atakayeuliza. Lakini muhogo wa nazi hauna pa kujifichia. Muhogo, nazi, chumvi, kitunguu, pilipili mbuzi moja ya kuelea. Kimoja kikienda kombo, kila aliyekaa mkekani anajua, na atakayetangaza ni yule yule aliyesema nisihangaike.

Tena tuanze na huo muhogo. Mimi nakaa huku juu kabisa kisiwani, upande wa Bweni, karibu na Ras Mkumbi, pale Mafia inapokwisha. Kilindoni kwenye soko ni mwendo wa kama kilomita 50, kwenda tu. Hata ningekuwa na gari, muhogo haununuliwi Alhamisi ukangoja wageni wa Jumapili. Ukishang'olewa ardhini, siku mbili tatu tu unaanza kupiga michirizi ya weusi kwa ndani, huku nje bado unapendeza. Kwa hiyo unachimbwa siku ya kupikwa, na wa kuuchimba ni mimi, alfajiri, ukili wangu nimeuacha umening'inia ukutani na mkeka wa watu haujafika hata nusu. Nafika shambani nakuta nguruwe ameshapita, kanichagulia. Na huyo namshukuru, maana wenzetu walio karibu na mabwawa wana viboko, wale ambao wazee husimulia kwamba walivushwa na mafuriko ya mto Rufiji wakaja kuhamia kwetu bila barua ya mwenyeji.

Halafu kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na ule mchungu haupikwi hivi hivi. Una sumu, unataka kuloweka na kuanika, ndio tunaoutengeneza makopa. Shina kwa shina ni lazima ujue umepanda nini wapi. Mkewe mtoto wa kaka yangu aliniambia anapenda kula "vyakula vyetu vya asili, vya mababu, visivyo na kemikali". Nilimwangalia tu. Muhogo wenyewe ni mgeni, Wareno ndio walioutoa Amerika ya Kusini wakaja nao Afrika, na kemikali anayo, tena ya kuua.

Sasa kisamaki. Ili nipate changu wa maana inabidi niwe pwani mashua zinapoingia, kabla wachuuzi wenye mabarafu hawajajipanga. Nikichelewa kidogo tu, changu wanene wameshafungwa kwenye boksi kuelekea Dar es Salaam, na mimi nimebakishiwa vile vya miiba. Hebu fikirieni: samaki anavuka bahari kwenda mjini, na watu wa mjini wanavuka bahari hiyo hiyo kuja kumtafuta kwangu. Wangekutana njiani wakamalizana huko huko.

Wageni hufika, hunikumbatia, hunyosha miguu, kisha husema wanakwenda kuona mnara. Mnara wa taa wa Ras Mkumbi waliujenga Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya kukichukua kisiwa, na tangu hapo haujasogea. Wameupiga picha mwaka jana na mwaka juzi. Lakini ni lazima uende kuonwa kila safari, na saa yake ni ile ninapotoa mbuzi ya kukunia.

Nazi ni kazi, hilo nalisema bila kumficha mtu. Unaitikisa usikie maji, ile kavu usiyoisikia unaiweka kando. Unaifua kumbi, unaipiga mgongo wa panga huku unaizungusha, ipasuke katikati kwa heshima, isivunjike vipande vipande. Unakaa kwenye mbuzi, unakuna taratibu ukiizungusha kwenye meno yale, na ukifika karibu na kifuu unaacha, kwa sababu ukiparuza ule weusi tui linakuwa la rangi ya maji ya mtaro. Nazi moja haitoshi watu hao. Mbili hazitoshi. Bega likishaanza kusema, ndipo unakamua: kwanza kwa maji kidogo kabisa, upate kasimile, uiweke pembeni na kuifunika, inzi wa huku wana tamaa. Kisha unarudia kwa maji zaidi upate tui jepesi la kuchemshia muhogo. Chicha wanapewa kuku, ambao kwa kweli ndio pekee nyumbani kwangu wanaoshukuru kwa wakati.

Huyo mkwe wangu, binti mwenye adabu sana na simu kubwa, alinionyesha video. Muhogo wa nazi kwa dakika 20! Dada mmoja mwenye kucha ndefu anasimama mbele ya meza nyeupe, muhogo wake umeshamenywa, umeshatolewa ule uzi wa katikati, umelazwa ndani ya bakuli la kioo. Anafungua kopo la tui, anamimina, anatabasamu. Yaani huyo ameanzia pale ninapomalizia mimi! Na la kopo silikatai kwa waishio ghorofani. Ila mkwe aliniletea zawadi ya tui la pakiti, akapanda nalo boti, akaliteremsha katika kisiwa ambacho nazi zinamwangukia mpita njia. Nimelihifadhi kabatini. Nawaonyesha majirani.

Na jiko. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mimi nimeshaingia kwenye asilimia hizo. Jiko la gesi ninalo, kaniletea mtoto wa kaka mwenyewe, akanihutubia kuhusu moshi na mapafu yangu. Basi siku ile nikaliwasha. Akachungulia jikoni, uso ukamshuka: "Aa, Shangazi, kwenye gesi? Hii ya nyumbani inataka kuni bwana. Tena kwenye chungu! Ndiyo ladha yenyewe." Huyu kwake hana hata kibiriti, moto wake unabonyezwa. Nikazima gesi, nikachutama kwenye mafiga kupuliza vifuu na makumbi, machozi yananitiririka. Mapafu yangu, inaonekana, huwa yanamhusu kwa msimu.

Pale chunguni ndipo pa kusimama. Muhogo umeiva katika tui jepesi, unachomeka kwa ncha ya kisu bila kubishana. Sasa unapunguza moto, unamimina kasimile, na kuanzia hapo huongei na mtu. Unakoroga polepole, upande mmoja, bila kuacha. Likichemka kwa fujo tui linakatika: mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini na vidonge vyeupe, na hakuna dawa. Dakika hiyo hasa ndiyo wanayorudi kutoka mnarani. Mmoja anauliza chaja, mwingine anauliza mtandao unashika wapi, mtoto anataka kujua kwa nini mbuzi wa bibi hana kichwa. Siwajibu. Nakoroga.

Wakishakula, sina la kusema. Wanakula kimya, wanakwangua chungu, baba mzima analamba kidole akidhani hatumwoni. Kisha anajiegemeza na kuvuta pumzi: "Unaona, Shangazi? Chakula rahisi kama hiki kinashinda mahoteli yote." Mkwe anatoa simu aandike vipimo, vikombe vingapi vya tui, vijiko vingapi vya chumvi. Namwambia aweke hadi itoshe. Anaandika.

Wasichojua ni kwamba muhogo huo si wa usiku ule. Ukilala, tui likaganda na kuingia ndani kabisa, asubuhi ukaupasha kidogo kwenye makaa hadi ushike ukoko chini, ukaunywea chai ya mchaichai, hapo ndipo ulipopika. Kwa hiyo kabla sijapakua huwa nachota bakuli moja kubwa nalificha nyuma ya pakiti ya tui. Nafungua kinywa mapema, peke yangu, mlango nimeurudisha. Wakiamka wananikuta nimeshaosha vyombo, na mezani nimewapangia vizuri ule mkate wa slesi waliokuja nao kutoka mjini.