Kitufe cha Theluji

Kando ya gia ya Toyota Mark X kuna kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Hakuna aliyekitoa kule Japani gari lilipopakiwa melini, na hakuna aliyekiuliza swali bandarini Mombasa. Ushuru ulilipwa, kitufe kikiwemo. Ndiyo maana sisi watu wa Silanga, upande ule wa Kibera unaoteremkia Bwawa la Nairobi, tuna kifaa kamili cha kuendeshea gari kwenye theluji, ilhali theluji yetu pekee ya kudumu iko kileleni Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya bahari, ambako Mark X haijaalikwa. Najua, Septemba 2008 mvua ya mawe ilitandika ardhi nyeupe karibu na Nyahururu hadi watu wakatoka mbio kujionea theluji. Ile iliyeyuka. Matope ya Silanga hayayeyuki.

Gari si langu. Ni la shemeji, aliyekwenda Doha kutafuta riziki na kumwachia dada yangu maagizo mawili: watoto wasome, na gari liwashwe. Watoto wanasoma. Gari likaniangukia mimi. Ukiliwasha tu, mwanamke mpole anakusalimu kwa Kijapani kutoka ndani ya dashibodi, halafu anakukumbusha kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara kuu. Sijui nimweleze vipi kwamba kutoka hapa hadi lami ushuru upo, ila unalipwa kwa vijana, taslimu, na hawana kadi.

Kabla sijafika kwa vijana, inabidi nieleze kiini cha tatizo, maana wengi wanadhani gari hukwama kwa sababu ya dereva. Mark X ina injini ya V6 mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, yakipelekewa nguvu na propela. Uzito wa injini umelalia magurudumu ya mbele, ambayo kazi yake ni kukata kona na kupendeza. Ya nyuma, yanayofanya kazi ya punda, yamepewa buti tupu. Kwenye Lang'ata Road utamu wake hausemeki. Mvua ya Aprili ikinyesha, tairi la nyuma halina kinacholikandamiza chini, nayo difu ya kawaida, inayoyagawia magurudumu nguvu, ina tabia ya mwenyekiti wa chama: gawio lote linamwendea mwanachama asiyefanya kitu. Tairi lililo kwenye utelezi linazunguka kwa kelele na kuwapaka watu matope, na lile lililokanyaga jiwe zuri kavu limetulia tuli, linatazama.

Sasa Jumamosi moja dada alikuwa na harusi Lang'ata, na kamati ilikuwa imempa jukumu la pilau. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sufuria ilikuwa ile ya kupikia matanga, ya kubebwa na wanaume wawili wanaoelewana. Tukaiweka kwenye buti, tukaifunika kwa leso, tukaifunga kamba. Dada akakaa mbele na gauni la kitenge lililopigwa pasi hadi likawa na kona. Tukatoka langoni vizuri. Tukafika kwenye mteremko, na baada ya mteremko kuna mpando, na kwenye mpando mambo yakakatika.

Tairi zikalia. Gari halikwenda mbele wala nyuma, lilichimba. Nikateremsha dirisha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Silanga nzima ina shahada ya udereva.

Dada alikuwa ameshampigia binamu yetu wa Minneapolis, kwa sababu Minnesota ina baridi ya kugandisha maziwa na yeye ameishi nayo. Kule ilikuwa usiku wa manane, lakini swali lilimpendeza akaamka kabisa. Usikanyage mafuta, alisema, yaguse tu. Ondoka na gia ya pili. Na buti lijazwe mifuko ya mchanga, juu ya ekseli ya nyuma, ndivyo watu wa magari ya kusukuma nyuma wanavyovuka kipupwe huko. Ushauri mzuri, na ni wa kweli. Lakini mchanga Silanga haulali kwenye gari. Ukiuacha jioni, asubuhi umeshakuwa plasta ya jirani, na jirani mwenyewe anakuamkia kwa heshima zote.

Shemeji naye akaingia kwa video kutoka Doha, bila kuitwa, kwa ile hisia waliyo nayo wenye magari. Akataka tupunguze upepo kwenye tairi. Jamaa zake wa kule hufanya hivyo kabla ya kupanda vilima vya mchanga, tairi linapanuka na kukamata eneo kubwa zaidi. Nikamwonyesha matope kwa kamera. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama zile ni rimu zake au nimebadilisha.

Wakati huo Probox ikatupita. Ilikuwa na magunia ya sukuma wiki hadi dari, kioo cha nyuma cha polithini, na mtu amekaa juu ya kitu ambacho si kiti. Haikuyumba hata kidogo. Probox husukumwa na magurudumu ya mbele, injini yake imeyakalia yale yale yanayofanya kazi, kwa hiyo inapanda matope kwa kiburi cha kimya. Dereva alipiga honi mara moja. Heri angetukana.

Aliyesema jambo la maana ni mzee mmoja fundi, aliyekuwa amesimama kando na mwavuli, mikono nyuma. Alituuliza kama tunafahamu Safari Rally ilikuwa ikifanyika lini. Pasaka, nikasema. Na Pasaka ni majira gani? Masika. Basi, akasema, wale walikuwa wanakimbia ndani ya uji huu huu, na kwa miaka mingi mengi ya magari yao yalisukuma nyuma kama hili lenu. Peugeot 404 ya Nick Nowicki ilishinda 1963, na ikashinda tena 1968, na miaka yote miwili yaliyofika mwisho yalikuwa magari 7 tu. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya kusukuma nyuma. Unajua siri? Nikasema gia ya pili. Akacheka. Kuna magari yaliyofungwa vishikio na vibao vya kukanyagia nyuma. Yakikwama, mwenzake dereva anashuka, anapanda juu ya mkia wa gari, anarukaruka. Uzito, kijana. Uzito wenye akili.

Hakumaliza sentensi. Vijana walikuwa wamesimama karibu na kamba na ubao, wakisubiri bei ipande, na sasa walikuwa wamepewa nadharia.

"Kusukuma ni mia tano," alisema aliyekuwa mkubwa wao. "Kukalia ni mia tatu, kwa sababu hatuchafuki."

Dada akasema mia mbili. Wakamwangalia gauni. Wakabaki na mia tatu.

Wawili wakaingia kiti cha nyuma, wawili wakakalia kifuniko cha buti, juu kabisa ya pilau. Nikabonyeza SNOW. Na ninasema hili kwa haki, kwa sababu kitufe hiki kinachekwa sana: kinafanya kazi. Kinalituliza gari, kinalifanya liitikie mafuta polepole badala ya kuruka, na tairi zinapata nafasi ya kushika kitu. Huko Hokkaido walijua wanachofanya. Gari likaguna, likatoka shimoni, likaanza kupanda. Watu wakapiga makofi.

Tatizo la gari la kusukuma nyuma ni kwamba likishapata nguvu, mkia nao hutaka kuongoza msafara. Ukaanza kukimbilia kulia. Kulia palikuwa na kibanda cha mama wa viazi, debe zake zimepangwa vizuri juu ya gunia, karai la mafuta limeshachemka. Sasa, kanuni inajulikana dunia nzima: mkia ukienda kulia, achia mafuta taratibu, usiguse breki, geuza usukani kulia. Ndicho nilichofanya. Lakini jaribu kuitazama kanuni hiyo kutoka kwenye kibanda. Mama aliona gari linamjia ubavu, kisha akamwona dereva, kwa macho makavu, anageuza usukani kuelekea kwake.

"Wewe mtoto wa nani?" alipiga kelele, mwiko hewani.

Mkia ukarudi kwenye mstari. Tukampita kwa upana wa kiganja. Yule wa juu ya buti alinyoosha mkono akachukua kiazi kimoja cha kukaanga, nadhani kwa mshtuko.

Tulifika kwenye lami gari likinuka karafuu, binzari na klachi ya mtu mwingine. Nilisimama nikatoa pesa. Vijana wakapokea, wakahesabu, hawakushuka.

"Tumefika," nikasema.

"Tumeona," akasema mkubwa wao. "Lakini fikiria kurudi, buda. Jioni mvua inakuja. Sufuria itakuwa tupu. Uzito utautoa wapi?"

Nikamtazama dada. Dada alikuwa anafuta tone moja la matope kwenye kona ya gauni kwa mate na kidole gumba, hana muda na mimi.

"Na hatuwezi kuwa wazito na njaa," akaongeza yule wa buti, akimalizia kiazi.

Harusini waliketi meza ya ndugu wa bwana harusi. Waliongezewa pilau mara mbili, na upande wa bibi harusi ukaanza kuulizana kwa sauti ya chini ni wajomba wa wapi hawa, wanaokula kwa bidii hivi na kila baada ya muda mmoja wao anatoka nje kutazama mawingu.