Sifa za Mpiga Debe wa Msamvu

Wapo wanaosifu treni. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa saa mbili hivi, na saa yake ikifika inaondoka, hata wewe ukiwa umebakiza ngazi tatu. Ubinadamu gani huo? Mpiga debe wa stendi ya Msamvu, Morogoro, hajawahi kumwacha mtu. Saa yake ni siti.

LATRA, mamlaka iliyorithi kazi za SUMATRA za usafiri wa ardhini mwaka 2019, inapanga nauli na kutoa leseni. Sawa, lakini gari inalijaza? Hapo zinapoachana barabara za Dar, Dodoma na Iringa, nani anayeijua safari yako kuliko wewe? Ulitaka Iringa, begi lako limeshapanda la Dodoma. Chukulia kuwa umeshauriwa.

“Mjomba!” ananiita. Kwa Waluguru neno hilo si la mchezo: ukoo unafuata mama, na mjomba ana kauli nzito kwa mpwa wake. Kijana asiyenijua ananipa cheo hicho bure, huku ameshanikwida mkoba. (Nikishakaa, ujomba unaisha, nabaki kichwa. Vichwa vikitimia, konda anamlipa.)

Lakini ukarimu wake mkubwa uko kwenye kukaa. Gari tupu halipandiki, kwa hiyo wenzake wanne watano wanaingia kulichangamsha. Mmoja anasinzia kwa ufundi, mwingine anawapungia mkono dirishani ndugu ambao hawapo. “Bado wawili tu!” anaita wa nje. Unapanda mbio. Kila akiingia abiria wa kweli, wa kuzuga mmoja anashuka, na “bado wawili” inadumu saa nzima. Hesabu hiyo hata Chuo Kikuu cha Mzumbe hawaifundishi.

Muuza mahindi hulipiga debe ubavuni, punje zikashuka, likapokea kopo jingine. Nasi tunapigwa vivyo hivyo: sogea baba, pakata mtoto, siti ya watatu ipokee wanne na gunia la kabichi za Mgeta.

“Linatoka saa ngapi?” mwenye kabichi aliuliza juzi.

“Sasa hivi, mama yangu.”

Jani la juu lilikuwa limeanza kunyauka. Jirani yangu wa dirishani, niliyemgawia karanga, tukazungumza kwa kirefu msiba wa Dodoma anaouendea, akasimama, akanitakia safari njema, akashuka.