Pikipiki Inayolala Sebuleni

Nyumbani kwetu Kihonda, Morogoro, pikipiki hailali nje. Wezi wa pikipiki hawana likizo, na nyumba ya kupanga haina banda, kwa hiyo kila usiku shemeji anaipandisha kizingiti, anaipitisha katikati ya makochi na kuiegesha kati ya friji na meza ya runinga, usukani ukiwa umekatwa kulia ili mlango wa friji ufunguke. Mgeni wa mara ya kwanza hushangaa. Wa mara ya pili hutundika mkoba kwenye usukani. Pikipiki ni ya baba watoto, dereva ni mdogo wake, na hesabu inayoletwa jioni ndiyo inayonunua mchele.

Mwezi mmoja mama mkwe alitutembelea kutoka Ukerewe na gunia la dagaa. Stoo hatuna, jikoni hapageuziki, gunia likawekwa nyuma ya pikipiki. Tulilalamikia harufu siku mbili tatu, kwa sauti ya chini, kisha tukaizoea.

Ugonjwa wa pikipiki ulianza na fyuzi. Shemeji alikuwa anakata kona pale Msamvu, mara honi ikanyamaza, indiketa zikafa, stata ikawa haiitiki. Injini haikuzimika, na hilo ndilo lililotupotosha sote. Pikipiki nyingi ndogo za biashara, yetu ikiwemo, hupata cheche ya plagi kutoka kwenye koili ya magneto wala si kwenye betri. Hata betri ukiing'oa, unapiga kiki na kwenda nayo hadi Mzumbe. Vinavyokufa ni vile vya kuwaambia wenzako barabarani unakwenda wapi. Basi shemeji akaendelea na kazi, akinyoosha mkono kwenye kona na kupiga mluzi badala ya honi, mpaka trafiki alipompungia. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na tunashukuru, lakini siku ile mchele ulinunuliwa kwa mkopo.

Akaweka fyuzi mpya. Ikafika kona ya mbele.

Kuanzia hapo sebule ikawa baraza. Baba watoto ndiye mwenye mali, kwa hiyo yeye alisema kwanza: betri imekufa. Betri mpya ikanunuliwa kwa pesa zilizokuwa na kazi nyingine, ambayo siitaji hapa kwa sababu atasoma. Ikachoma fyuzi haraka kuliko ile ya zamani. Na ingekuwaje vinginevyo? Betri chovu haichomi fyuzi. Fyuzi huungua pale umeme unapopata njia ya mkato kurudi kwenye betri bila kupita kwenye taa wala honi, yaani shoti, na kadiri betri inavyokuwa na nguvu ndivyo inavyomimina zaidi kwenye hiyo njia.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Pikipiki imetazamwa. Jirani mmoja aliisifu mno Ijumaa, akaizunguka, akaishika na siti. Usiku nikasikia ubani, nikatoka chumbani, nikamkuta mama amepiga magoti na chetezo chenye makaa mekundu, anakipitisha taratibu chini ya tangi la petroli. Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikatoka nacho nje mbio. "Mama, tuifukize hapa uwanjani, upepo utaipelekea." Alikubali, ila hadi leo anaamini tiba ilikatishwa njiani.

Shemeji, aliyechoka kununua fyuzi, akatumia ujuzi wa kijiweni: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikakunjwa ndogo na kushindiliwa mahali pa fyuzi. Jambo hili nalisema kwa ukali, maana najua wapo wanaolifanya sasa hivi. Fyuzi iliyoandikwa 10 imewekwa ili iwe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote; umeme ukizidi, inajitoa yenyewe na nyaya zinapona. Ile karatasi haijitoi. Inapitisha mara nyingi zaidi ya hapo, na sehemu dhaifu inakuwa waya wenyewe, ambao umefungwa pamoja na wenzake, chini ya siti, jirani na petroli.

Ilikuwa Jumamosi, zamu yangu ya kupokea kikundi cha vikoba. Akina mama wamejaa makochini, sanduku liko katikati, mweka hazina anahesabu. Baba watoto akaingia, akataka kuwaonyesha kwamba pikipiki imepona. Usukani ukiwa vilevile umekatwa kulia, akazungusha ufunguo.

Kwanza ilikuja harufu ya plastiki inayoungua. Kisha moshi mweupe ukatoka chini ya siti, mwembamba, halafu si mwembamba tena. Sijawahi kuona watu wazima wakipita mlango mmoja kwa kasi ile. Sanduku la vikoba lilitoka kabla ya watoto, na mweka hazina anajua kwamba nilimwona. Baba watoto alizima ufunguo, akang'oa siti, akachomoa waya wa betri huku amejifunga kanga yangu mkononi. Moto haukuwaka, alhamdulillahi. Pazia lilinuka wiki nzima, na kikao kikahamia kwa mwenzangu ambaye mume wake anaendesha baiskeli.

Jioni ile nilisema neno moja tu: pikipiki haiguswi tena na mtu wa nyumba hii. Nikamwita fundi umeme wa magari, mzee wa makamo anayekaa chini ya mwarobaini karibu na gereji. Hakuja na betri wala boksi la vipuri. Alikuja na mita, koleo, bisibisi, na balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Nani aliyeweka sigara humu?"

Hakuna aliyejibu. Akatoa ile karatasi, akaweka ile balbu mahali pa fyuzi, kisha akafungua swichi. Ujanja wenyewe ni mwepesi kiasi cha kuudhi. Pasipo shoti, balbu inawaka hafifu au haiwaki kabisa, maana umeme unaopita ni wa taa ndogo za dashibodi. Pakiwa na shoti, volti zote 12 zinaishia kwenye balbu nayo inawaka kwa nguvu zote. Na kwa kuwa inapitisha chini ya ampea 2, hakuna waya utakaochemka. Unaweza kutafuta kosa asubuhi nzima bila kuchoma fyuzi hata moja.

Balbu ilikuwa inawaka sana. Fundi akanyoosha usukani. Ikafifia. Akaukata kushoto, hafifu. Kulia, ikawaka hadi watoto wakapiga makofi.

"Shingoni," akasema baba watoto. "Nilisema mimi, waya unasuguliwa shingoni." Hakuwa amesema, ila ni kweli kwamba pikipiki nyingi hukatika nyaya hapo, panapojikunja kila kona. Fundi akafungua taa ya mbele, akapekua. Nyaya nzima. Akatikisa fungu la nyaya linaloingia chini ya tangi, balbu ikapepesa. Akamtazama shemeji.

"Tunainua tangi."

Bolti moja nyuma, mpira wa mafuta, soketi ya geji, likainuka. Chini yake palikuwa na makazi. Vipande vya vitenge kutoka chini ya cherehani yangu, pamba ya kochi, karatasi za hesabu za mtoto wa darasa la tatu, na vichwa vya dagaa, vingi, vimepangwa vizuri. Pembeni, nyaya zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikang'aa, na uliokuwa wazi zaidi ni waya unaopeleka umeme kwenye honi na indiketa. Usukani ukikatwa kulia, fungu zima linavutwa mbele kidogo, na ile shaba inagusa fremu.

Sebule ilinyamaza. Kila mtu alilitazama gunia, na hakuna aliyemtazama mama mkwe. Yeye mwenyewe aliinama, akaokota kichwa kimoja cha dagaa, akakigeuza mbele ya dirisha.

"Panya wa Morogoro hawana adabu," akasema, akaenda kuteka maji.

Matengenezo yalichukua muda mrefu kuliko utafutaji. Fundi alikata sehemu zote zilizotafunwa na zile zilizoungua siku ya vikoba, akaunga kwa waya wa unene uleule, maana mwembamba ungechemka. Maungio aliyalehemu kwa risasi, akayapishanisha yasikae mkabala, na kila moja akalivika mpira mwembamba unaojikaza ukipashwa moto. Tepu peke yake haitaki, anasema joto la injini huigeuza kuwa gundi. Mpira huo huvishwa kabla ya kuunga. Shemeji aliachiwa ungio moja afanye, akaunga vizuri sana, kisha akaona mpira wake uko mezani. Fundi hakucheka. Alimpa koleo akate upya.

Spika za muziki za shemeji, ambazo zilikuwa zimedandia waya wa indiketa, zilipewa waya na fyuzi yake. Halafu likajitokeza jambo dogo: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa mbali. Hiyo ni erthi mbovu, umeme unakosa njia ya kurudi unapita kwa jirani. Bolti ya erthi ilikuwa na kutu, ikapigwa msasa, ikakazwa. Mwisho mita ikawekwa kwenye betri: injini imezimwa volti 12.6, ikinguruma 14.1. Popote kati ya 13.5 na 14.5 ni chaji nzuri.

Kisha fundi akaomba ile betri ya zamani, iliyohukumiwa bila kupimwa. Ikasoma 12.5. Baba watoto alikwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Sasa dagaa wako kwenye ndoo yenye mfuniko, paka amehamia, na betri ya zamani inawasha balbu ya sebuleni umeme ukikatika. Fyuzi haijaungua tena. Nawe ambaye pikipiki yako inachoma fyuzi: funga balbu mahali pa fyuzi, geuza usukani huku na huku, na uinue tangi kabla hujaenda dukani kununua betri.