Megawati na Sigiri

Kampala haina theluji, ina masika. Mvua ikikolea, gunia la makaa hupanda bei, na makaa yenyewe hufika yamelowa. Mwenye stoo alishajaza zamani. Anayelipwa kwa siku hununua ya kopo, akapuliza sigiri hadi machozi yamtoke.

Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri Namba 3, akapiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Magunia, inaelekea, hayakuisoma: malori yaliendelea kuyashusha mjini.

Septemba 2024 ukazinduliwa rasmi mtambo wa umeme wa Karuma, megawati 600. Uganda sasa ina umeme wa kuwauzia hata majirani. Maharagwe ya Kampala bado yanachemka kwa makaa.