Mama Shauri Anajibu: Asilimia, Matanga na Lugha ya Yamaha

Barua za mwezi huu zimefika kwa moto, yaani pikipiki, kutoka Kabambare, nyingine zimelowa hadi wino umehamia ukurasa wa pili. Nilitegemea za mahari na za wapangaji wasiolipa. Zimekuja za Kiholanzi na Kijapani. Vijana wanajifundisha wenyewe, usiku, kwa mwanga wa simu, na kila mmoja anataka nimwambie amefika wapi. Haya, tukae.

"Jambo Mama Shauri. Nina diploma ya serikali, kazi sina, basi najifundisha Kiholanzi na Kijapani kwa pamoja hapa Kasongo. Nimechora kaye yenye safu tatu: maneno, saa, asilimia. Mwezi uliopita nilikuwa na 41 kwa mia katika Kiholanzi na 7 katika Kijapani, jumla 48. Zilibaki mbili tu nipite. Mwezi huu jumla imeshuka hadi 44, na sikuacha kusoma hata usiku mmoja. Halafu Papa amechinja kuku kwa sababu nilimwambia nimefika A1. Nirudie mwaka?" — Mwenye Asilimia, Kasongo

Mwanangu, kuku mle, hafufuki. Ila siku utakapopata nguvu mwambie Papa ukweli: A1 ni ngazi ya chini kabisa. Mizani hiyo ilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, nayo inapanda kutoka A1 hadi C2. Papa amesikia A, amesikia 1, na mtu mzima gani asingechinja? Wajapani wao wanahesabu kwa kushuka. Mtihani wao, JLPT, tangu 2010 una ngazi tano. N5 ndiyo ya chini na N1 ndiyo kilele. Hapo Papa hatapotea, maana darasani kwetu aliyetoka nafasi ya 5 akawa wa 4 anapongezwa. Ukitaka kuku wa pili, mpelekee habari za Kijapani.

Tuje kwenye hiyo 44. Asilimia 41 ya nini? Prefe wako wa shule alipokuandikia 41 alijua pointi zote za mtihani, kwa sababu alizipanga mwenyewe. Kiholanzi nani amekupangia pointi zake? Ulikisia kwamba lugha ina maneno kadhaa, ukagawanya. Mwezi huu umekutana na maneno ambayo hukujua kama yapo, hesabu ya chini ikanenepa, asilimia ikakonda. Hiyo ndiyo sura ya mtu anayesoma kweli. Asiyewahi kufungua kitabu hukaa kwenye nusu maisha yake yote, tena kwa raha.

Kijapani kina mtego wake, kwa sababu baadhi ya mambo yake yanahesabika. Herufi za hiragana ni 46, za katakana 46, na orodha ya kanji ambayo serikali yao iliitengeneza upya mwaka 2010 ina 2,136. Basi mtu anahesabu kinachohesabika. Anamaliza 46 za kwanza, anajipigia makofi, na chumvi bado hawezi kuiomba. Sikatazi kuhesabu herufi. Nakataza kuziita lugha.

Na hiyo jumla, mwanangu! Ukichanganya 41 za Mholanzi na 7 za Mjapani, hizo 48 utaongea na nani?

Fanya hivi. Leo funika vitabu, andika kwa Kiholanzi namna ya kupika sombe, toka kutwanga hadi kutia mawese. Usikopi popote. Panapokushinda acha nafasi tupu. Weka tarehe, ficha karatasi chini ya sanduku. Baada ya miezi mitatu andika tena sombe ileile bila kuchungulia ya kwanza, kisha ulaze zote mbili mezani. Utaona nafasi tupu zilizojaa na zile zilizokaidi, na zilizokaidi ndizo somo lako la wiki inayofuata. Kijapani kifanye kwa mdomo: jirekodi kwenye simu ukieleza jambo lilelile, hata kama ni dakika moja yenye kigugumizi. Usiifute kwa aibu. Rekodi ya aibu ndiyo kipimo pekee ulicho nacho.

"Asalam aleikum Mama. Programu ya simu ilikuwa ikinihesabia siku za Kiholanzi. Nilifika siku 212 bila kukatika. Wiki ile ya mvua pano la jua halikuchaji, na umeme uliporudi mtandao ukaondoka. Nilipofungua nilikuta sifuri. Sili, silali. Mke wangu anasema hakuna aliyekufa." — Mfiwa, Kabambare

Aleikum salam, na pole sana. Tandika mkeka nje, majirani waje, matanga yakae siku tatu kama kawaida. Siku ya kuvunja matanga, mzee mmoja asimame aulize: marehemu alikuwa akisema nini? Wewe ujibu kwa Kiholanzi. Ukiweza kumweleza kwa sentensi tano, mkeo ana haki, hakuna aliyekufa, kunjeni mkeka. Usipoweza, basi marehemu alikuwa mgonjwa siku nyingi na wewe hukusema.

Maana nakujua. Kati ya hizo 212, ngapi ulifungua simu dakika kumi kabla ya usiku wa manane, jicho moja limefumba, ukabonyeza somo rahisi ulilolipita zamani ili tu namba isife? Programu haiulizi. Imeweka alama yake, na wewe umelala.

Huko kwenu Kabambare amewahi kukwama mtu mashuhuri mwenye hesabu za namna hiyo. Livingstone, aliyepaandika Bambarre, alilala hapo kwa miezi tangu Julai 1870, miguu ina vidonda, hawezi kwenda. Aliandika kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Watu huitaja namba hiyo kwa heshima. Mimi nikiisoma naona vidonda tu. Mara nne inanieleza alilala muda gani, hainielezi alielewa nini zaidi mara ya nne kuliko ya tatu. Afadhali daftari lake. Karatasi zilipomwishia mwaka 1871 aliandika juu ya gazeti la zamani la London, akivuka mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mmea wa huku. Wino ulififia hivi kwamba wataalamu walilazimika kulipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 ndipo yaliyomo yakasomeka. Yaliyotoka humo ni aliyoyaona na kuyasikia, siku kwa siku, pamoja na mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 15. Huyo hakuwa na pano wala mtandao, ndugu yangu.

Na wewe, uliyenisalimu vizuri hivyo, umesahau chuoni? Mtoto anaanzia mwisho, Juzuu Amma, ya 30, kwa sababu sura zake ni fupi. Mwalimu hamuulizi amekuja siku ngapi mfululizo. Anasema: soma. Mtoto akikwama kwenye aya, mwalimu amejua, mtoto amejua, na watoto wenzake wote wamejua. Akiumwa malaria wiki mbili hakuna anayemrudisha sifuri, anaulizwa alipoishia. Kama unataka kitu cha kushika mkononi, tafuta sanduku la katoni, ligawe vyumba vitano, kata kadi. Neno ulilolijua linasonga chumba cha mbele, ulilolisahau linarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza unakifungua kila siku, cha mwisho mara chache. Mwandishi Sebastian Leitner aliueleza utaratibu huo kitabuni mwaka 1972. Hauhitaji mvua ikatike. Unahitaji tu mbuzi asiingie ndani.

"Mama, mume wangu anasema amefika kiwango cha mazungumzo. Anazungumza Kijapani na mbuzi. Nifanye nini?" — Mke, Kasongo

Wanamjibu? Wakianza, niandikie upesi. Kwa sasa mwombe akueleze kwa Kijapani kwa nini hela ya mafuta imepungua, kisha akutafsirie. Ukiona maelezo ya Kijapani ni mafupi kuliko ya Kiswahili, tatizo ni lugha. Ukiona yote mawili ni mafupi, tatizo ni hela.

"Binti yangu Mama Shauri, mimi ni mzee wa hapa Kasongo. Mjukuu wangu anajifunza lugha ya Waflama. Kijapani nakielewa, ni lugha ya Yamaha. Lakini Waflama si walikwenda zao? Na atajuaje amejua, bila mwalimu?" — Mzee Mwenye Shaka

Jambo Mzee wangu, na samahani nikikueleza uliyoyaona kwa macho. Sheria ya mwaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua Kongo, iliandika Kifaransa na Kiflama, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji, bega kwa bega. Ofisini kikaingia Kifaransa peke yake. Kiholanzi kilibaki mdomoni mwa mapadri wengi, wakitaniana wenyewe kwa wenyewe. Padri Placide Tempels wa Katanga aliandika kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kwa Kiholanzi, na watu wengi walikijua kwa Kifaransa kilichotoka mwaka 1945. Kwa hiyo mjukuu wako anasikiliza kupitia mlango ambao ulikuwa umefungwa nusu muda wote ule. Mimi simlaumu. Kujua walichokuwa wakisema mezani ni sababu tosha.

Ila nitakuambia jambo ambalo yeye pengine hajaligundua: kwa mtu wa Kasongo, Kijapani kiko karibu kuliko Kiholanzi. NHK, redio ya taifa ya Japani, inatangaza kwa Kiswahili na inatoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili. Kiholanzi lazima upitie kwa Mfaransa au Mwingereza kwanza, kila neno linalipa ushuru njiani.

Swali lako la pili ni zuri kuliko yote niliyoyapata mwezi huu, na jibu lake liko mjini kwako. Unakumbuka Projet Kasongo, waganga wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp, miaka ile ya 1970? Antwerp ni mji wa wasema Kiholanzi hasa. Walichanja watoto surua. Wangeweza kuhesabu sindano, wakaandika ripoti, wakapongezwa. Wao wakafuatilia watoto wenyewe, wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, kuona nani bado yuko hai. Walichokiona kilichapwa katika jarida la Lancet mwaka 1981, na kiliwasha mabishano: faida ya waliochanjwa ilionekana wazi mwanzoni, kisha tofauti ikapungua kadiri watoto walivyokua. Wengine hawakupenda kulisikia. Lakini aliyehesabu sindano tu asingeliona kamwe. Huenda wanao ni miongoni mwa waliohesabiwa, Mzee, na karatasi zao zimesomwa duniani kote.

Basi uwe mkaguzi. Kila Ijumaa jioni mjukuu aketi mbele yako akueleze kwa Kiswahili alichojifunza wiki hiyo: kwa nini kitenzi cha Kiholanzi kinakimbilia mwisho wa sentensi, kwa nini cha Kijapani kinakaa huko siku zote. Wewe uliza "kwa nini" hadi achoke. Huhitaji kujua neno hata moja. Umekagua madeni ya watu wazima kwa njia hiyohiyo.

"Mtihani wa Kijapani unafanyikia wapi, Mama?" — Mwenye Haraka

Nairobi, Desemba. Lakini jua kwamba JLPT haina sehemu ya kusema. Unasoma, unasikiliza, unachagua jibu. Unaweza kushinda na kurudi Kasongo ukiwa bubu mwenye cheti. Kwa safari hiyo, moto, gari na boti, utakuwa umebembeleza watu kwa Kiswahili cha namna nne kabla ya kuona Kenya. Hicho hakuna atakayekupa cheti chake.

"Mama Shauri, mimi ni mwenye moto, njia ya Kasongo na Kabambare. Rafiki yangu mwenye kaye ya Kiholanzi ananicheka, anasema mimi sina lugha kwa sababu sina chati. Sasa shirika moja linatafuta dereva, na fomu inauliza: lugha unazojua, kiwango gani. Nyumbani ni Kibangubangu. Njiani Kiswahili. Kwa wakwe ni Kizimba. Lingala nilikipata kwenye vizuizi vya askari. Kifaransa ni cha shule. Niandike nini?" — Dereva

Kaka yangu, rafiki yako asome historia ya lugha uliyoniandikia barua hii. Kiswahili kilishuka huku na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, bila chati. Mwaka 1928 ndipo mmisionari John Whitehead alipochapisha kule Wayika, kwenye Lualaba, kitabu cha kufundisha Kingwana, yaani Kiswahili chetu cha huku, ili wageni wajifunze. Sisi tulikuwa tumeshakijua, bila kujua kwamba ni jambo la kuandikwa fomuni.

Usiandike "kidogo" mahali popote. Nawajua watu wa Maniema, kwenye fomu wanakuwa wanyenyekevu kama watawa. Kibangubangu, "vizuri sana". Kiswahili, "vizuri sana". Lingala: kama umewahi kuteremsha bei ya kizuizi kwa maneno matupu, mvua ikinyesha, gunia la mchele likiwa nyuma, andika "vizuri sana" na upige mstari chini. Kifaransa andika "vizuri", usizidishe, fomu yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa na watakupima hapohapo.

Kwa Kizimba uliposa mke na ukajadiliana mahari. Andika "vizuri sana". Wakidai shahidi, wape namba ya mama mkwe.